Kwa visingizio hashindwi: nilivyoizoea "ni kakete wa" ya Kijapani

Nilipoanza kujifunza Kijapani nilikuwa na neno moja tu la kusifia: jōzu. Fulani anajua kupika, ryōri ga jōzu. Fulani anajua kuimba, uta ga jōzu. Nilipofika N2, ngazi ya pili kutoka juu katika mtihani wa Kijapani, nikakutana na ni kakete wa, na kwa kuwa mimi mwenyewe niliiandika daftarini kuwa ni "kuhusu", nikaiharibu wiki nzima.

Kwenye insha niliandika Nihon no rekishi ni kakete wa, hon o yomimashita, nikidhani nasema nimesoma kitabu kuhusu historia ya Japani. Mwalimu akapiga mstari, akaandika pembeni: "Halafu? Unamshinda nani?"

Swali lake lilinitosha. Ukishatamka ni kakete wa, msikilizaji anasubiri hukumu: katika jambo hili, huyu ni moto. Ndiyo maana nyuma yake huja maneno kama dare ni mo makenai, hashindwi na yeyote, au jishin ga aru, anajiamini. Au ule msemo ninaoupenda kuliko yote, migi ni deru mono wa inai: hakuna anayetokeza upande wake wa kulia. Umetoka kwenye maandishi ya kale ya China, ambako kulia palikuwa mahali pa mwenye cheo. Mswahili haoni ugeni hapo. Ryōri ni kakete wa, kare no migi ni deru mono wa inai: kwa mapishi, jamaa hana mpinzani. Hiyo "kwa" yetu inaibeba vizuri kuliko "kuhusu" yangu ya daftarini.

Muundo wenyewe hauna shida: nomino, kisha ni kakete wa. Kitenzi kitie koto kwanza, hashiru koto ni kakete wa, kwa kukimbia. Usiichanganye tu na ni kakete ya muda, kama getsuyōbi kara suiyōbi ni kakete, tangu Jumatatu hadi Jumatano.

Pa kuangalia ni kujisifu. Jōzu usijiite, kwa kitu unachokimudu na kujivunia sema tokui. Ni kakete wa unaweza kujisemea, ila ni kauli nzito. Niliwahi kuwaambia Wajapani wawili, Nihongo ni kakete wa jishin ga arimasu, kwa Kijapani najiamini. Wakaitikia kwa adabu, "Hee, sugoi desu ne," yaani "Ala, hongera," kisha mmoja akanimiminia Kijapani kama mvua juu ya bati. Niliambulia maneno mawili. Tangu siku hiyo, nikijisema mwenyewe, naiweka kwenye mambo madogo: hayaoki ni kakete wa dare ni mo makemasen, kwa kuamka alfajiri hanishindi mtu.

Inanoga zaidi kwenye utani. Iiwake ni kakete wa tensai da: kwa visingizio, huyu kazaliwa navyo. Nilimpiga nayo mwanafunzi mwenzangu aliyechelewa darasani mara ya tatu mfululizo. Akanitolea kisingizio cha nne, kwa Kijapani safi kuliko changu.