Mlima Kilimanjaro haukuwa zawadi ya birthday

Kuna hadithi kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania unapiga kona kwenye Mlima Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mlima huo mjukuu wake Mjerumani, Wilhelm II, siku yake ya kuzaliwa. Hapana, hakumpa. Mstari ule wa mpaka ulichorwa katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm II alikuja kuwa Kaiser, yaani mfalme mkuu wa Ujerumani, 1888. Miaka haikubali kabisa.

Sababu ya kona ile ni mikataba. Mwaka 1885 Mjerumani Carl Jühlke alisainishana mkataba na Mangi (mtawala wa Kichaga) Rindi wa Moshi, basi Berlin wakang'ang'ania Uchagani, huku Waingereza wakiitaka Mombasa na njia ya kwenda Ziwa Victoria. Soma maneno ya makubaliano yenyewe: mpaka unaanzia mdomo wa mto Umba, unakwenda Ziwa Jipe, unavuka mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga, unazunguka mlima upande wa kaskazini, kisha unanyooka hadi Ziwa Victoria. Ndiyo maana Taveta iko Kenya na Moshi iko Tanzania, ingawa watu wa pande zote mbili walikuwa wakiuziana chakula sokoni tangu zamani.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikutana tena wakagawana maeneo mengine, lakini kipande hiki cha mlimani kilibaki vilevile.

Kinachoniuma ni kwamba hadithi ya zawadi inamfuta Rindi, mtawala aliyekuwa na hesabu zake za kisiasa dhidi ya mpinzani wake, Mangi Sina wa Kibosho. Wamaasai na Wadigo waliokatwa na mstari huo hawakuulizwa hata kidogo.