Vinundu vya kunde: waonyeshe watoto mbolea inakotengenezwa

Mtoto wa darasa la tano anaweza kukariri kwamba kunde hurutubisha udongo, akapata alama zote, na asijue kinachorutubisha ni kitu gani: ni bakteria wanaoishi ndani ya vinundu, yaani vivimbe vidogo vya mizizini, wakigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Mwonyeshe. Panda muhula unapoanza tu, maana kazi hii huchukua wiki sita.

Tafuta makopo sita ya lita mbili, uyatoboe chini. Osha mchanga wa mtoni hadi maji yatoke safi, kisha uuchemshe saa nzima ili bakteria wafe (achemshe mwalimu, si watoto). Kila kopo lipate kijiko kimoja cha chai cha majivu: yana potasi na fosforasi, lakini naitrojeni karibu hakuna, na ndiyo tunayotaka ikosekane.

Sasa chukua udongo wa shamba lililovunwa kunde msimu uliopita. Makopo matatu yatie vijiko viwili vya chakula vya udongo huo ukiwa mbichi. Matatu mengine yatie kiasi hicho hicho, ila uliochemshwa. Usiruke hatua hii. Bila hiyo mtoto mwerevu atasema tofauti imeletwa na rutuba ya udongo wenyewe, na atakuwa na haki.

Panda mbegu nne kila kopo, kina cha sentimita tatu, kisha bakiza miche miwili. Mbegu zisiwe zimepakwa dawa; huua bakteria na ni sumu kwa mikono ya watoto. Mwagilia maji yaliyochemshwa na kupoa. Kosa linaloharibu somo mara nyingi ni kikombe kimoja kutumika kwa makopo yote: bakteria huhamia upande wa pili, na mwishowe mimea yote inafanana.

Wiki mbili za kwanza hakuna tofauti, kwa sababu mche unakula akiba ya mbegu. Baadaye miche isiyo na bakteria huanza kuwa ya njano, majani ya chini kwanza: mmea unayanyang'anya naitrojeni ili kulisha machipukizi. Waache watoto waligundue hilo wenyewe kwa kuchora jani kila Ijumaa.

Wiki ya sita using'oe, vinundu vitabaki mchangani. Zamisha kopo kwenye ndoo, mchanga ujiachie wenyewe. Pasua kinundu kwa wembe. Ndani kikiwa chekundu kama nyama, kinafanya kazi. Cheupe bado kichanga, cha kijani kimezeeka. Uvimbe usiobanduka kwa kidole, ulio sehemu ya mzizi wenyewe, ni wa minyoo fundo, vijinyoo vinavyoshambulia mizizi. Huo ni ugonjwa.

Hapo ndipo pa kurekebisha lile la vitabuni. Naitrojeni hiyo kunde huitumia yenyewe, na nyingi huondoka na punje zinazovunwa. Mahindi ya msimu ujao hupata ile ya majani na mizizi iliyoozea shambani. Ukichoma mabaki, unaichoma nayo.