Kwa mnaoanza kusoma tabianchi ya Kushiro

Wadogo zangu, wiki hii nimesahihisha rasimu nne, na katika tatu kati yake nimekuta dai lilelile: kwamba Kushiro, mji wa pwani ya Pasifiki, kwa kuwa iko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, hufukiwa na theluji kipupwe kizima. Kosa hilo nalisoma kila mwaka na halijaacha kuniuma, kwa sababu mji huo naupenda na nataka uandikwe kama ulivyo.

1. Anzeni na upepo na milima, si latitudo. Kushiro iko karibu na nyuzi 43 kaskazini, na Aomori, mji wa kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, iko kusini yake kwa zaidi ya nyuzi 2, lakini Aomori ndiyo inayopata zaidi ya mita 5 za theluji kwa msimu. Upepo wa Siberia huchota mvuke katika Bahari ya Japani na kuumwaga kama theluji upande wa magharibi wa Japani, hivyo ukishavuka milima ya Daisetsuzan na Hidaka huifikia Kushiro ukiwa mkavu. Sisi tuliolelewa na kaskazi na kusi tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Januari ya Kushiro ni jua, anga safi na wastani wa nyuzi 5 hivi chini ya sifuri.

2. Ulizeni ukungu unatoka wapi. Hapa nina jambo la kukiri. Julai yangu ya kwanza huko nilidamka siku tatu mfululizo, nikapima joto na unyevu ukingoni mwa kinamasi kilicho kaskazini mwa mji, na kwa kuwa ukungu ulikuwa umelala juu ya matete, nikaandika kurasa 12 za kuthibitisha kwamba ukungu wa mji mzima unazaliwa pale, ardhi inapopoa usiku. Upande wa bahari sikupima hata mara moja. Msimamizi wangu alizisoma zote bila kusema neno, kisha saa saba mchana akanipeleka kwenye daraja la Nusamai, karibu na mlango wa mto. Jua lilikuwa likiwaka. Mara weupe ukaingia kutoka baharini, ukameza mashua za uvuvi moja baada ya nyingine, na punde sikuiona tena ng'ambo ya daraja. Matone yalining'inia kwenye kope zangu na daftari likalegea mkononi. Wenyeji huuita jiri ukungu huo unaolowesha kama manyunyu. Ukungu wa kinamasi upo, lakini ni wa alfajiri. Huu wa mchana hutokea hewa yenye joto na unyevu kutoka kusini inapopita juu ya mkondo baridi wa Oyashio, ikapoa kwa chini, na mvuke wake ukageuka matone. Kurasa zile nilizitupa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mvuvi yeyote wa bandarini angenieleza hayo siku ya kwanza, lau ningemwuliza.

3. Julai bebeni sweta, koti la mvua na penseli, kwa kuwa wino huchuruzika.

4. Wastani wa joto la Agosti ni nyuzi 18 tu. Ndiyo maana mtakuta malisho ya ng'ombe wa maziwa, si mpunga. Kinamasi chenyewe, kilichoingizwa mwaka 1980 katika Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, kilikuwa ghuba ya bahari miaka 6,000 hivi iliyopita.

Rasimu zenu nimezirudisha jana usiku. Kabla ya kuzigusa, uchoreni mkondo wa Oyashio kwa mkono kwenye ramani, ndipo mniandikie upya sehemu ya kiangazi.