Christie na Eddy wana mateke yale yale: mchango wangu kuhusu mavazi ya wapiganaji wa kike

Mleta uzi ameuliza kama kampuni za gemu zinakosea kuwachora wapiganaji wa kike nusu uchi, au huo ni wivu wa watu wasiocheza. Mdau mmoja kajibu kwa kujiamini, akimtaja mcheza mieleka wa gemu ya Street Fighter: "Zangief naye yuko na chupi, mbona hamsemi?" Mwingine kamalizia kwamba huu ni ugomvi wa Wazungu, sisi hautuhusu. Nimesoma kurasa zote, wanaume watupu mnajibizana, nikasema ngoja na mimi mwenye banda la gemu nichangie.

Ndiyo, mwenye banda. Mwaka 2009 kaka yangu alipokwenda Dar kutafuta maisha aliniachia chumba kinachotazama barabara pale Magomeni, Mtwara, TV mbili za chogo, mashine mbili za gemu, PS2, na pedi tano. Moja kitufe chake cha mraba kilishakufa. Hiyo tulikuwa tunampa mgeni. TV moja ilikuwa ya mpira, ya pili ya Tekken 5, gemu ya kupigana. Pambano shilingi mia. Msimu wa korosho ukianza, watoto walikuwa na hela kuliko mimi. Nimekaa pale mlangoni na kanga yangu na kopo la chenji kwa miaka minne, na asiyeshika pedi anaona mengi ambayo mchezaji hayaoni.

Nianze na Christie Monteiro. Waliocheza Tekken wanajua kwamba aliyetangulia ni Eddy Gordo, Mbrazili wa kapoera aliyeingia kwenye Tekken 3 mwaka 1997, yule ambaye hata mtoto akibofya ovyo vitufe vya mateke anashinda. Kwenye Tekken 4 wakamleta Christie, mwanafunzi wake, na Eddy mwenyewe akafanywa kuwa vazi tu la Christie: unamchagua binti, unambadilisha nguo, anatokea baba mzima. Kwenye Tekken 5 Eddy naye anapatikana, na mapigo ni karibu yale yale.

Kwa hiyo nilikuwa na mizani bandani bila kuitafuta. Mateke ni yale yale, kasi ile ile, ila mmoja kavaa suruali yake ya mazoezi na mwingine kifuani ana kitambaa na tumbo liko nje. Akichaguliwa Eddy, kelele zote zilikuwa za pambano: "Mchote chini! Huyo anabofya tu, si haki!" Akichaguliwa Christie, mchezaji anamrukisha bila sababu, anazunguka pembeni amwone vizuri, na benchi zima linatoa maoni ambayo sitayaandika hapa. Kuna kijana mmoja, fundi baiskeli, alipigwa mara tatu mfululizo kwa kuchezea hivyo, na kila akipigwa anatoa mia nyingine huku anacheka. Biashara ilikuwa nzuri, sikatai. Nimekula hela za Christie.

Sasa huyo Zangief wenu. Mlinganisheni na R. Mika, mwanamke wa Street Fighter hiyo hiyo, maana wote wawili ni wacheza mieleka, na kwenye hadithi ya Mika shujaa wake ni huyo huyo Zangief. Kazi moja, ulingo mmoja. Zangief ana kichupi chekundu na makovu mwili mzima, kumbukumbu ya kupambana na dubu. Ukimtazama unajisemea, huyu akinikamata nimekwisha. Mika naye, kwenye toleo la majaribio la Street Fighter V mwaka 2015, kabla ya pigo lake kubwa alikuwa anajipiga kofi la makalio na kamera inakwenda hapo hapo. Gemu ilipotoka rasmi 2016, Capcom, wenye gemu yao, walikuwa wameisogeza kamera, kofi likawa linapigwa nje ya picha. Nguo hawakuigusa, kofi lenyewe hawakulifuta. Mimi naona walijua vizuri tatizo liko wapi. Zangief hajawahi kuchukuliwa picha namna hiyo, na siku akichukuliwa, nyinyi nyinyi ndio mtakaofungua uzi wa kulalamika.

Wala mambo haya si ya jana. Chun-Li wa Street Fighter II, 1991, ana mapaja kama nguzo za gati, lakini ni polisi anayetafuta kisasi cha baba yake, na mapaja yale ndiyo silaha yake. Kwangu huyo hana kesi. Mwaka uliofuata kampuni ya SNK wakamleta Mai Shiranui, ambaye hata akisimama tu kifua kinacheza. Dead or Alive ya 1996, gemu nyingine ya kupigana, ikakigeuza kifua kuwa ndiyo habari yenyewe, na 2003 wakawachukua wapiganaji wale wale wa kike wakawapeleka ufukweni kucheza mpira wa wavu na kuvishwa nguo za kuogelea. Hapo mtu asinieleze ufundi wa kupigana. Na wanaosema anayekasirika ni wanawake tu wakumbuke EVO ya 2017, mashindano ya gemu za kupigana kule Las Vegas: fainali za Street Fighter zilirushwa na televisheni ya ESPN, na Kazunoko wa Japani akaambiwa abadilishe vazi la Cammy, mpiganaji wa kike aliyekuwa anamchezea, katikati ya mashindano kwa sababu ya maadili ya televisheni. Vazi ambalo waliotengeneza gemu wenyewe wamelifanya ndilo la kawaida yake! Nguo za namna hiyo bandani tuliziona sawa, kwenye TV ya taifa kubwa zikawa haziangaliki.

Kuhusu "sisi hautuhusu", nitasema kama mtu wa Kusini. Mimi nimechezwa unyago. Huko mwili wa mwanamke unasemwa waziwazi, tena kwa maneno ambayo hakuna gemu itathubutu. Kiuno kinafundishwa. Kwa hiyo msinitishe na habari ya aibu. Ila nakumbuka sherehe moja ya kumpokea kiongozi, kikundi chetu kikacheza sindimba uwanjani. Viuno ni vile vile vya uani kwetu, na kina mama wale wale. Mpiga video akachuchumaa, akaishusha kamera usawa wa kiuno cha binti wa mbele, akaganda hapo ngoma nzima. Bibi yangu mkubwa, aliyekuwa kwenye ngoma, akaacha kucheza. Hakugomba, akakaa chini tu kwenye majani na kujifunika kanga mpaka magotini. Tulipomuuliza akasema, "Yule hatazami ngoma." Niliposoma habari ya Mika na kamera, nilimkumbuka bibi.

Na kuna jambo ambalo mleta uzi hakuliuliza, lakini kwangu ndilo lililoniuma. Wasichana walikuwa wanakuja, wachache, Jumamosi mchana. Mmoja, wa kidato cha tatu, alikuwa anamchezea Asuka Kazama, binti wa Tekken 5, kwa ufundi wa kutisha. Siku moja akapiga vijana watano mfululizo. Wa sita alipoona mambo magumu akaanza kumsema yule binti, si Asuka: kifua chake, alivyokaa kwenye benchi. Wenzake wakadakia. Yalikuwa maneno ya Christie, neno kwa neno, yameshuka kutoka kwenye TV. Binti akamaliza pambano, akashinda, akaweka pedi chini taratibu, akaondoka. Hakuonekana wiki kadhaa.

Nikaweka sheria: neno moja la namna hiyo, nazima TV na mia hairudi. Baadhi walihama, wakaenda kwa jamaa wa Chikongola ambaye hana masharti. Waliobaki wakajifunza kunong'ona. Binti alirudi, ila asubuhi banda likiwa tupu, akacheza na mimi. Mimi namchezea Nina Williams wa Tekken hiyo hiyo, ambaye naye nguo zake zinambana, msidhani nimesahau. Nampenda kwa sababu akikukamata mkono anauvunja.

Sisemi Christie ndiye aliyewafundisha wale vijana. Kijiwe cha bodaboda hakina PS2 na maneno ni hayo hayo. Ninachosema ni kwamba bandani kwangu walikuwa wanafanya mazoezi kila siku, kwa shilingi mia, na gemu inawashikia taa. Aliyechora alimfikiria nani ameshika pedi? Hakumfikiria yule binti, wala mimi na kopo langu.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa mliotaka msimamo: sitaki wavishwe mabaibui. Mortal Kombat 11 ya 2019, nayo gemu ya kupigana, iliwafunika wanawake wake kuliko ile ya 2011, na sikuona damu imepungua hata tone. Walionipendeza zaidi ni Street Fighter 6, 2023. Cammy kapunguzwa nywele, kavaa suruali na jaketi, na anapiga kuliko zamani. Anayelitaka vazi la zamani limo, alichague mwenyewe. Waliolia kwamba "wamemharibu Cammy" nawauliza, ni pigo gani limeondolewa? Nasubiri jibu.

Banda nililifunga 2013, mwezi ule wa vurugu za kupinga bomba la gesi Mtwara, sikufungua tena. TV moja ilikufa, nyingine iko kwa mama. Kaka amerudi, siku hizi ana PS5 na Tekken 8, na binti yake wa miaka tisa anatupiga sote. Anamchagua Panda tu, yule dubu mweusi na mweupe. Kaka alijaribu kumshawishi achukue Xiaoyu, msichana mwenzake, mwenye vishungi viwili vya nywele. Mtoto hataki. Nikamwambia Panda naye ni jike, ni mlinzi wa Xiaoyu, na dubu dume aitwaye Kuma anamtaka siku nyingi ila yeye hamtaki.

"Najua, shangazi," akasema, na macho hajayatoa kwenye TV. "Ndiyo maana nampiga."