Mwanangu ana hemofilia, nimruhusu kwenye utafiti?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mie nipo Makorora hapa Tanga, mwanangu wa kiume ana miaka 9, ana hemofilia A, ule ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, tulijua siku ya jando damu ilipotoka siku mbili haikati. Juzi kliniki wameniambia kuna utafiti, watamfuatilia mwaka mzima, dawa ya majaribio hawampi ila wataandika kila akitokwa damu na mara chache watamchukua damu ya kupima. Moyoni nlishakubali, sasa jirani kaniambia hao ndo mumiani wa siku hizi, na mama mkwe anasema ugonjwa umetoka kwangu nisizidi kumtangaza mjukuu wake. Nisaini?
Mama wa Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kuuguza. Mimi ningesaini, ila sio kabla hawajanijibu maswali yangu.

Utafiti wa hivyo ni wa kuangalia tu, matibabu yake yanabaki yaleyale, wao wanaandika goti limevimba mara ngapi, shule kakosa siku ngapi, fakta namba 8, kile kigandisha damu kilichopungua mwilini mwake, kaipata baada ya masaa mangapi. Inaonekana kitu kidogo lakini hemofilia A inampata kama mtoto mmoja kati ya kila watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa, na huku kwetu wengi wanaambiwa wamerogwa au ngariba alikuwa na mkono mbaya basi yanaishia hapo, na mtoto ambaye hajaandikwa popote nani atajua anahitaji dawa?

Kuhusu mumiani, mwanangu, mumiani hakuombi ruhusa. Kichupa cha kupimia ni mililita chache, na kijiko cha chai chenyewe ni mililita 5. Mimi hofu yangu ni sindano, kwahiyo mkumbushe muuguzi kila mara kwamba mtoto ana hemofilia, atumie sindano nyembamba, achome kwenye mshipa sio kwenye nyama, alafu pale pabanwe na pamba dakika 5 mpaka 10 bila kuchungulia chungulia.

Waulize kibali cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kiko wapi, ofisi yao si ipo hapohapo Tanga. Fomu iwe ya Kiswahili na nakala ubaki nayo. Damu itapelekwa wapi, itatunzwa muda gani, jina la mtoto nani ataliona, nauli nani analipa. Na kubwa kuliko yote, tukijitoa katikati matibabu yake yanaendelea kama kawaida? Jibu linatakiwa liwe ndio, na anayekujibu akianza kujiumauma beba mkoba wako uondoke. Mtoto nae muulize, miaka 9 anaelewa, na mwili ni wake.

Mama mkwe umwambie taratibu. Ni kweli hemofilia inapitia kwa mama, ipo kwenye kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume anairithi kwa mama, lakini karibu theluthi ya wagonjwa hakuna ndugu yeyote aliyewahi kuwa nayo, inaanza tu kwenye ukoo, hakuna aliyekosa. Nawe wakikuuliza damu yako ya mwezi usione haya, sema kama inatoka nyingi au inakaa siku nyingi, maana mama anayebeba hemofilia nae fakta yake inaweza kuwa chini na akatoka damu sana akijifungua. Omba upimwe, hata kama utafiti hutoingia.

Daftari anza leo usiwasubiri, tarehe, kiungo gani, kimeanza saa ngapi, kaanguka au kimevimba chenyewe. Na goti likivimba usingoje siku ya utafiti, mwaka mzima huo bado ni wewe unaemkimbiza hospitali siku hiyohiyo, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa humo humo ndani ya bajaji. Akiumwa mpe panadol, aspirini na diklofenaki asiguse hata jirani akikuletea mlangoni.