Maswali na majibu: Staa kaweka jina, je, kaweka na pesa?

Wiki hii nimechagua barua zinazohusu mastaa na kampuni changa za teknolojia. Ndizo nyingi, na ndizo zinazonitia wasiwasi.

Msanii ninayempenda ametangaza kuwa amewekeza kwenye programu mpya ya malipo, na sisi mashabiki tunaweza kununua hisa. Niingie?

Swali hili huletwa kila mara, na kila mara yanakosekana mambo ambayo ningehitaji ili nijibu: kampuni inauza nini, inaingiza kiasi gani, inadaiwa na nani. Kilichoandikwa ni jina la msanii tu. Sasa anza na hili: alilipa au alilipwa? Huenda ametoa pesa zake. Huenda amepewa hisa bure ili jina lake litumike. Huenda amelipwa taslimu kwa tangazo. Katika hali zote tatu, wewe unatoa pesa yako ya jasho.

Mtazame Kim Kardashian, staa wa televisheni wa Marekani. Juni 2021 aliwauliza wafuasi wake wa Instagram kama wanapenda kripto, yaani sarafu za kidijitali, akawapa habari za sarafu ya EthereumMax pamoja na njia ya kuipata. Chini kabisa aliweka alama ya kuonyesha kuwa ni tangazo. Ambacho hakusema ni kwamba chapisho lile moja lililipiwa dola 250,000, na sheria ya Marekani inamtaka anayepigia debe uwekezaji wa namna hiyo ataje na kiasi alicholipwa. Oktoba 2022 alikubali kulipa dola milioni 1.26 kumaliza shauri lake na SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji ya nchi hiyo. Yeye alimudu. Aliyenunua kwa kumwamini alibaki na hasara yake.

Halafu uliza ni hisa za aina gani unauziwa, jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyeligusa. Tuseme wawekezaji wakubwa wametia dola milioni 40 kwa hisa za upendeleo, kisha kampuni inauzwa kwa milioni 30. Kwa kawaida mikataba yao inasema walipwe wao kwanza, kwa hiyo milioni 30 zote zinaishia kwao. Mwenye hisa za kawaida haambulii kitu, ingawa magazeti yataandika kwamba kampuni imeuzwa kwa mamilioni. Kama huwezi kuusoma mkataba, mlipe wakili akusomee. Kama huna cha kumlipa wakili, huna pesa ya kuwekeza huko.

Mbona Ashton Kutcher, yule mwigizaji wa Marekani, alifanikiwa kwa kuwekeza kwenye kampuni changa?

Kwa sababu hakuwa peke yake, na hakununua kile unachouziwa wewe. Alianzisha kampuni ya uwekezaji ya A-Grade Investments pamoja na Guy Oseary, meneja wa wanamuziki, na bilionea Ron Burkle. Waliingia Uber na Airbnb mapema, kwa bei ambayo mtu wa kawaida hakuwahi kuonyeshwa. Tena waligawa pesa kwenye kampuni nyingi, wakijua kwamba nyingine zitakufa na chache zitalipia zote. Wewe unataka kuweka akiba yote kwenye moja, tena baada ya bei kupanda.

Sisi ni waanzilishi watatu. Mwanamuziki maarufu anataka asilimia 5 ya kampuni awe mshauri wetu. Tumpe?

Hapana. Asilimia 5 ni sehemu ya mtu anayeamka asubuhi kufanya kazi yenu. Mshauri wa kampuni changa kwa kawaida hupata kati ya robo ya asilimia na asilimia moja, tena hisa hizo hazipati kwa mkupuo: zinamwingia mwezi hadi mwezi, mara nyingi kwa miaka miwili. Akiacha mwezi wa tatu, anaondoka na za miezi mitatu.

Andikeni kazi yake kwa vitenzi. "Kushauri kuhusu chapa" si kazi. "Kukutanisha waanzilishi na kampuni mbili za simu kabla ya Juni" ni kazi. Andikeni picha yake itatumika wapi na kwa muda gani, nani anaidhinisha, na itakuwaje akipatikana na kashfa au akianza kumtangaza mshindani wenu. Mwaka 2013 BlackBerry, watengenezaji wa simu, walimpa mwanamuziki Alicia Keys cheo cha mkurugenzi wa ubunifu. Mwaka mmoja baadaye ushirikiano ukaisha, na wateja waliendelea kuhamia simu nyingine kama walivyokuwa wakihama, kwa sababu tatizo lilikuwa simu yenyewe.

Akikataa masharti haya, mtakuwa mmejua mapema alichokuja kutafuta.

Kampuni ikiwa na majina mazito kwenye bodi, hiyo si dhamana tosha?

Theranos, kampuni ya Marekani ya kupima damu, ilikuwa na George Shultz na Henry Kissinger, wote waliowahi kuwa mawaziri wa mambo ya nje wa Marekani, na Jenerali James Mattis. Ilithaminiwa dola bilioni 9. Mashine yake ya kupima damu haikuweza kufanya yale yaliyotangazwa, na wagonjwa halisi walipewa majibu yasiyoaminika. Kampuni ilifungwa 2018, na Januari 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Kwenye bodi, tafuta anayeijua kazi yenyewe na mwenye ubavu wa kumbana mwanzilishi.

Una chuki na mastaa?

Sina. Serena Williams alianza kuwekeza mwaka 2014 akiwa bado anacheza tenisi, akajenga kampuni yenye watu wa kuchambua biashara, na mwaka 2022 akatangaza mfuko wa dola milioni 111. Anawatafuta hasa waanzilishi wanawake na watu weusi, ambao wenye mitaji wamewapuuza kwa miaka mingi. Huo ni uwekezaji, na ninauheshimu.

Nimeona video ya staa akisema anarudisha pesa maradufu kwa anayejiunga na jukwaa lake. Nimeshatuma. Nifanyeje?

Usitume tena hata senti, hata ukiambiwa ni ada ya kutolea faida. Uwezekano mkubwa video hiyo ni ya kughushi: siku hizi kompyuta inaiga sura na sauti, na staa mwenyewe huenda hana habari. Ijulishe leo benki yako au kampuni ya simu uliyotumia kutuma. Hifadhi picha za mazungumzo, namba na risiti, kisha upeleke polisi na kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi yako. Na akitokea mtu akudai ada ili akurudishie ulichopoteza, mkatie simu: hao hupata majina yenu kutoka kwa wezi walewale.