Ukimwambia mwenzio unavyoumwa: maswali yenu kuhusu sikoseli

Wiki hizi tatu maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, namna sisi wenye sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya seli nyekundu za damu zijikunje kama mundu, tunavyopeana habari za hali zetu, kwenye grupu, kwenye stetasi, kwa simu saa nane usiku. Mi mwenyewe ni SS, yaani nimerithi sikoseli kwa baba na kwa mama, miaka 36 sasa, na wenzangu wamenivusha kwenye mengi sana, alafu kuna mara moja maneno ya mwenzangu yalinifikisha pabaya, ntaeleza huko mwishoni. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyatoa.

Dada habari, niko Tanga, nina miaka 24. Grupu letu lina watu kama sitini. Tangu Januari wameshafariki wawili, sasa simu ikilia tu moyo unaruka. Nimezima sauti ya grupu lakini najiona kama nimewakimbia wenzangu.

Pole sana mdogo wangu. Hujamkimbia mtu. Yaani wewe unaumwa ugonjwa uleule uliowachukua hao wawili, kwahiyo kila msiba pale ndani unaupokea mara mbili, kwanza wa rafiki, pili ule wa kujiuliza zamu yangu lini, na hilo swali la pili hakuna anayeliandika lakini wote sitini wanalo. Zima sauti, kaa hata mwezi. Ila usikae peke yako kabisa, chagua mmoja au wawili unaowaamini muwe mnajuliana hali pembeni, asubuhi "nimeamka salama" inatosha.

Alafu ongea na admini kuhusu jinsi misiba inavyotangazwa maana hapa ndo penye shida kubwa. Sisi kwetu tulishateseka sana, mtu anafungua simu yuko wodini na dripu mkononi anakutana na picha ya mwenzake aliyelala kitanda cha pili wiki iliyopita, imeandikwa pumzika kwa amani. Tukakubaliana hivi: admini anawapigia kwanza waliokuwa karibu na marehemu, aliyelazwa haambiwi mpaka atoke au mpaka ndugu yake aseme yuko tayari, kwenye grupu linaandikwa jina, mazishi lini na wapi, basi. Picha za hospitali hapana. Na mambo ya "alichelewa kwenda", "aliacha dawa" hapana kabisa, hasa siku zile za kwanza, kwasababu mama yake marehemu mara nyingi yumo humohumo anasoma.

Utarudi ukijisikia. Na usiporudi wale wawili wa pembeni bado unao.

Niaje dada, nko Kisumu. Hb yangu ilitoka 7.1, na kuna mwenzetu kwa grupu aliposti yake ni 9.4. Nimelia. Inamaanisha mimi naharibika?

Hapana kaka, futa machozi. Hb ni kipimo cha wingi wa damu, na wengi wetu wenye SS tunaishi na kati ya 6 na 9, ndo kawaida yetu, kwasababu seli nyekundu ya mtu asiye na ugonjwa huu inadumu kama siku 120 na yetu inakufa ndani ya siku 10 mpaka 20, mwili unatengeneza mchana na usiku na bado haufikii. Huyo wa 9.4 huenda yuko kwenye haidroksiyurea, dawa yetu ya sikoseli ambayo kwa wengi inapandisha damu, huenda ametoka kuongezewa damu juzi, huwezi kujua kwa kuangalia picha ya karatasi.

Namba ya kujilinganisha nayo ni ya kwako mwenyewe siku ukiwa mzima. Kama huwa una 7.3 na leo ni 7.1 endelea na maisha, kama huwa una 8 na leo ni 5 na unahema ukipanda ngazi hiyo ni hospitali leo. Andika namba zako kwenye daftari, tarehe na ulikuwaje. Na tafadhali usikimbilie vile vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu ambavyo watu wanashauriana sana, upungufu wetu kwa kawaida hautokani na kukosa chuma, na aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kimejaa mpaka kwenye ini, hivyo havitumiwi bila kipimo. Foliki asidi, ile vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, ndo ya kila siku.

Dada, mimi ni kijana wa Mwanza, 29. Kuna kaka kwenye grupu amesema haidroksiyurea ni dawa ya kansa na inaua mbegu za kiume. Yeye kaiacha yuko fiti. Na mimi nimeacha wiki ya tatu sasa.

Huyo kaka amesema nusu ya maneno na hiyo nusu si uongo, ndo maana imekuingia. Kweli ilianza kama dawa ya kansa. Lakini Marekani iliruhusiwa rasmi kwa watu wazima wenye sikoseli tangu 1998, na wala isikae kichwani kwamba ni ya Wazungu tu, utafiti uliotoka 2019 ulifanywa hukuhuku kwetu, Uganda, Kenya, Kongo na Angola, watoto zaidi ya 600, na walipotumia dawa maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, hata malaria ikapungua. Inachofanya ni kurudisha ile damu tuliyokuwa nayo tumboni kwa mama, ambayo haijikunji kuwa mundu.

Kuhusu mbegu, inaweza kupunguza idadi, na ugonjwa wenyewe pia unapunguza, kwahiyo kama wewe na mwenzio mnapanga mtoto hilo ni la kumwambia daktari wazi mkapanga pamoja, wapo wanaopima mbegu kabla ya kuanza. Dada zangu na nyie pia, ukitaka mimba mwambie daktari mapema usisubiri umeshashika. Na dawa hii inahitaji kupimwa damu mara kwa mara maana ikizidi inashusha seli nyeupe na chembe za kugandisha damu, dozi inaenda na uzito, na faida yake inachukua miezi kuonekana. Hapo ndo penye mtego kaka yangu, aliyeacha leo hawezi kuanguka kesho, atakuwa fiti wiki kadhaa na ataposti kwamba yuko fiti, na mwezi wa tatu kraisisi, yaani yale maumivu makali ya ghafla, ikija hatoposti kwamba niliacha dawa.

Rudi kliniki, sema ukweli kwamba umeacha wiki tatu, usijirudishie dozi mwenyewe. Kama nesi atakufokea vumilia, au nenda na ndugu.

Na hapa niseme kwa wote. Mwambie mwenzio wewe ulisikiaje, ulipewa nini na nani, ilikuchukua muda gani. Usimwambie aache wala aanze. Hujui figo zake zikoje.

Mwanangu hujambo. Mimi ni bibi, nalea mjukuu wa miaka 9, ana sikoseli. Mama yake yuko mjini, kila mtoto akilazwa anaweka picha kwenye stetasi, mtoto na mipira puani. Juzi mtoto kaniuliza, bibi kwanini watoto wa shule wanajua nilikojoa kitandani hospitali.

Shikamoo bibi. Nimeisoma hii mara tatu.

Mama yake msimhukumu haraka, yuko mbali na mtoto anaumwa, ile picha ndo njia yake ya kusema nisaidieni jamani, na pengine michango ya damu na ya nauli inapatikana hivyohivyo. Ila mtoto wa miaka 9 ana aibu yake kama mimi na wewe. Mwite mama yake mkae, au mpigie jioni akiwa ametulia, mwambie maneno ya mtoto kama mtoto alivyoyasema, usiongeze lako. Anaweza kuendelea kuomba msaada bila sura: "Mwanangu amelazwa, anahitaji chupa mbili za damu, anayeweza kuchangia anipigie." Watu wanachangia, nimeona. Picha yenye sura iulizwe kwa mwenyewe, na akisema hapana iishie hapo.

Na mjukuu mwambie kukojoa kitandani kwa watoto wenye sikoseli ni kawaida sana, figo zetu haziwezi kurudisha maji mwilini vizuri, mkojo unakuwa mwingi, na tunalazimika kunywa maji mengi mchana kutwa. Mwambie kuna dada mkubwa anaandika, na yeye alikojoa mpaka darasa la sita.

Asalaam aleikum dada. Niko Muscat, ofisini ee-sii inawaka kama friji, kila wiki viungo vinauma. Sijamwambia mtu kazini. Niseme?

Waaleikum salaam. Sema, kwa mtu mmoja tu, bosi wako wa karibu, na useme unachohitaji kabla ya jina la ugonjwa: nahama kiti kutoka chini ya ee-sii, nakaa na koti na chupa ya maji mezani. Hapo ulipo sikoseli si ugeni, Oman wapo wengi wenye nayo, hutalazimika kuanza somo la mwanzo. Stetasi ya kraisisi wafiche watu wa kazini.

Dada mimi nikishikwa na maumivu nashindwa hata kuandika. Naishia kutuma "naumwa" wenzangu wanajibu "pole", basi. Ntumeje ujumbe wanisaidie kweli? (Dodoma)

Andaa ujumbe leo ukiwa mzima, uuhifadhi, siku ya siku unabadilisha maneno machache tu. Wangu uko hivi: "Maumivu 8 kati ya 10, kiuno na mapaja, tangu saa tatu usiku. Nimekunywa dawa saa nne. Joto sijapima. Niko na mdogo wangu. Naomba mmoja anipigie baada ya lisaa limoja." Ule mstari wa mwisho ndo kila kitu, mtu akijua afanye nini hawezi kukujibu pole peke yake. Na mpe ndugu yako namba ya mtu mmoja wa grupu, maana kuna siku hata simu hutaiona.

Sasa ile niliyoahidi. Mwaka 2014, Julai, nilikuwa Iringa kwenye harusi, baridi ile mnaijua. Usiku kifua kikaanza kubana upande mmoja. Nikamwandikia mwenzangu, mtu mwema kabisa, tumetoka mbali, akanijibu "hata mimi nilipata hivyohivyo, kunywa maji ya moto ulale, asubuhi inaisha." Kwake iliisha kweli. Mimi nikasubiri asubuhi, asubuhi nikasubiri mchana, mpaka nafikishwa hospitali siwezi kumaliza sentensi, mapafu yameshajaa, nikawekewa oksijeni siku tano na damu juu yake. Yeye mpaka leo hajajisamehe na mimi sina kinyongo naye hata kidogo, alinipa alichokuwa nacho.

Kwahiyo haya hayaandikwi kwenye grupu kwanza, yanakwenda hospitali kwanza: homa ya 38.5 na kuendelea, kifua kuuma au kuhema kwa shida, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu au maneno kupinda hata kama imepita ndani ya dakika tano, kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi, mtoto kupauka na tumbo upande wa kushoto likavimba maana bandama inakusanya damu yote huko, na kaka zangu, uume kusimama na kuuma ukakataa kulala masaa mawili tayari uko njiani, msione haya, huko kuna mtu anaweza kupoteza uanaume wake kwa aibu ya usiku mmoja.

Na wewe unayepokea ujumbe wa hivyo, usiandike "hata mimi." Andika "uko na nani, usafiri upo?" alafu piga simu, hakikisha ametoka mlangoni.